Nachora wanawake, maua na mashairi, mbona picha zinatoka za kalenda?

Swali hili nimetumiwa na binti wa Uyole, Mbeya. Nimelifupisha kidogo:

"Shikamoo madam. Nina miaka 24, nachora tangu shule ila sijasomea popote. Vitu vinavyonisukuma ni vitatu, mazingira ya kwetu, mashairi, na uanamke. Picha zangu karibu zote ni mwanamke amesimama kwenye maua na pembeni naandika beti zangu mwenyewe. Watu wanasifia sana ila hawanunui, na kaka mmoja msanii akaniambia hizo ni picha za kalenda, inaniuma mpaka leo. Tatizo liko wapi? Niache kuandika mashairi kwenye picha? Na kama nataka kuonyesha uanamke ni lazima nichore mwili, manake kwetu ni watu wa kanisa? Halafu rangi zangu za akriliki msimu wa baridi zinapasuka pasuka, nimeshindwa kuelewa."

Marahaba mdogo wangu. Ugonile, na kutoka huku Iringa kamwene.

Picha zako nimeziangalia kwenye simu, baadae nikaziangalia tena kwenye kompyuta, na kabla ya yote nikwambie mkono unao. Ile mikunjo ya kitenge kwenye picha ya bluu imechorwa na mtu anayejua kutulia akaangalia. Kwahiyo huyo kaka kakukwaza bure kwa namna alivyosema, ila alichokiona kipo kweli, na mi nitakwambia kilipo badala ya kukuachia neno tu ukalale nalo.

Fanya hivi. Chukua picha yoyote kati ya hizo, funika shairi kwa kiganja. Picha imepungukiwa nini? Hamna. Sasa funika mwanamke, maua yako pale pale yanachanua. Funika maua, mwanamke bado anatabasamu. Ni wapangaji watatu ndani ya nyumba moja ambao hawasalimiani asubuhi. Na ndo kalenda inavyotengenezwa, mwenye duka la mabati anataka picha ambayo haitamkera mteja hata mmoja kuanzia Januari mpaka Disemba, kwahiyo mwanamke anakuwa mwanamke tu yeyote, ua linakuwa ua tu lolote, na maneno yanakuwa ya kuwatakia watu heri. Wewe hujamchorea mwenye duka lakini umefika alipofika yeye, kwa sababu umeanza na mawazo makubwa matatu, mazingira, ushairi, uanamke, badala ya kuanza na kitu kimoja kilichokuwa mbele ya macho yako ukakiangalia mpaka hayo matatu yakatoka humo humo.

Tuanze na ua maana ndo rahisi. Ua lako ni la pinki, petali tano, katikati njano, na nimelikuta kwenye kila picha. Linaitwaje? Linaota wapi, mwezi gani, chini ya bua kuna nini? Najua huna jibu kwa sababu hilo ua halipo, limetoka kwenye kadi za Valentine. Na hapa nakugombeza kidogo kama dada, kwa sababu we unakaa Uyole, ukifika Chimala ukapanda zile kona za Matamba uko Kitulo, kwenye uwanda ambao wenyeji wanauita Bustani ya Mungu, juu mita 2,600 hivi, hifadhi ya taifa tangu 2005, kilomita za mraba kama 412, aina za mimea kama 350 na orkidi peke yake zinafika aina 45. Kuna watu wanapanda ndege kutoka Ulaya kuja kuona maua ya pale kati ya Disemba na Aprili. Wewe jirani unachora ua la kadi.

Nikupe maua mawili ya kuanzia. La kwanza ni lile refu la rangi ya moto, wazungu wanaliita kniphofia, kuna aina kadhaa na Kitulo linaonekana toka mbali. Mtu akipita na gari anaona kichwa chekundu juu, njano chini, anapiga picha anaondoka. Ukichuchumaa utaona hilo si ua moja, ni vijiua vingi vyembamba vimening'inia kuzunguka bua, na vinafunguka kuanzia chini kwenda juu. Vile ambavyo bado vimefumba ndo vyekundu, vikifunguka vinapauka kwenda njano, na vya chini kabisa vimeshakauka rangi ya majani ya chai yaliyotumika. Kwahiyo ule mstari ambapo nyekundu inakutana na njano unapanda juu kila siku. Ukirudi baada ya siku chache ua ni lile lile lakini picha ni nyingine. Mchoraji anayejua hilo hawezi kulipaka nusu nyekundu nusu njano akamaliza, atahangaika na ule mstari, na ndo hapo picha inapata uhai.

La pili ni orkidi, na hapa naomba usome polepole. Orkidi nyingi za kule ni za ardhini, hazining'inii kwenye miti, na chini ya udongo zina viazi vidogo, mara nyingi viwili. Kimoja ni cha mwaka jana, kimesinyaa, ngozi imekunjamana, kwa sababu ndo kilicholisha bua na ua unaloliona sasa hivi. Cha pili kimejaa, cheupe, kigumu, hicho kinasubiri msimu ujao. Hivyo viazi ndo wenzetu wa Zambia wanatengenezea chakula kinachoitwa chikanda, wanavisaga wanachanganya na unga wa karanga, na ile biashara ya kuvusha viazi kupitia Tunduma ilichimbua orkidi nyingi mno huku nyanda za juu, mpaka ikawa sababu mojawapo ya watu kupigania Kitulo ilindwe. Sasa niambie wewe unayetafuta uanamke. Mmoja amesinyaa kwa kulisha, mwenzie amejaa anangoja zamu, wamelala pamoja gizani, na juu yao kuna ua ambalo kila mtu anapiga nalo selfi. Bado unahitaji mwanamke wa kutabasamu pembeni? (Usiende kuchimba hifadhini lakini, utalala ndani. Ukipata safari ya Nakonde, ng'ambo ya Tunduma, ulizia chikanda sokoni, na viazi vyenyewe vikavu utaoneshwa.)

Ukienda Kitulo nenda asubuhi, msimu wa maua ndo msimu wa mvua na mchana mara nyingi mawingu yanashuka, na usiende na simu peke yake. Simu inaharibu nyekundu kali, inaigeuza doa moja lisilo na kivuli ndani, na ukungu inauona kijivu wakati ukungu wa kule asubuhi una bluu na zambarau humo. Nenda na daftari la skechi na penseli, na karibu na kila skechi andika rangi kwa maneno. Usiandike "kijani", andika kitu ambacho kesho kutwa ukiwa chumbani kitakusaidia kuchanganya: "nyasi za miguuni zina njano, za mbali zimefifia zina maziwa ndani", "kilima cha tatu hakipo, kimemezwa", "petali kwa nyuma imepauka kuliko mbele". Ukishaandika kurasa kadhaa za namna hiyo utaona jambo la ajabu, nusu ya shairi lako lipo mle, na ni zuri kuliko zile beti za "ewe ua la moyo wangu" ulizoandika kwenye kona, samahani lakini ni kweli. Shairi na picha vikitoka kwenye kuangalia kumoja havina haja ya kulazimishwa kupatana.

La kijani nalo nigusie haraka maana linakuangusha. Unatumia kijani cha kwenye tyubu kama kilivyo. Kile hakipo popote kuanzia Mbalizi mpaka Mufindi. Angalia shamba la chai pale Tukuyu, juu kuna majani machanga ya njano-kijani, yale ambayo mchumaji anachukua mawili na chipukizi lake, chini yake kuna majani makongwe yana kijani kizito karibu na nyeusi, na ukiyachanganya yote kuwa kijani kimoja umeua shamba. Changanya mwenyewe. Njano na nyeusi kidogo inakupa kijani cha kizeituni kizuri sana, watu wengi hawaamini mpaka wajaribu. Bluu ya ultramarini na njano ya udongo inakupa kijani kilichotulia cha migomba kivulini.

Haya, uanamke, ambapo nadhani ndo moyo wa swali lako.

Kwenye picha zako zote mwanamke anatuangalia sisi, au amegeuza shavu ili tumuone vizuri. Hafanyi kitu. Mikono haionekani, umeificha kwenye maua, (najua mikono ni migumu kuchora, tunajuana). Maana yake ni kwamba umesimama pale anaposimama mwanaume anayepita njiani na umemchora mwenzio kwa macho ya huyo mpita njia. Wewe ni mwanamke, una kitu ambacho huyo mpita njia hana, unajua dunia inaonekanaje ukiwa ndani ya huyo mwanamke. Chora anachokiona yeye.

Mfano unamsuka mdogo wako. Umekaa kwenye kigoda, yeye yuko chini katikati ya magoti. Unaona nini? Huoni uso. Unaona utosi, ngozi ya kichwa inang'aa mafuta kwenye zile njia ulizozipasua kwa chanuo, sikio moja limekunjwa na kidole gumba chako lisikae njiani, shingo imekaza kwa sababu nywele za kisogoni zinauma, na pembeni kuna magoti yako mwenyewe na pindo la kanga. Hii ni picha ambayo kila mwanamke wa Tanzania ameshaiona mara elfu na nakuhakikishia hakuna kalenda iliyowahi kuichapa. Hakuna ua hata moja, hakuna sura nzuri, na uanamke umejaa mpaka pembeni. Au mapaja yako na ungo wa njegere unazomenya, ukiangalia kutokea juu. Au mchumaji wa chai anavyoona mikono yake miwili na mstari wa chai ulivyo mbele yake unaishia kwenye ukungu.

Ukipata nauli ya kushuka Kyela, nenda Matema Jumamosi kwenye soko la Lyulilo, pale ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Vyungu vya Wakisi. Wanaofinyanga ni akina mama, kazi ya mkono, na vinasafirishwa kwa mitumbwi vikiwa vimepangwa vimefunikwa na nyasi. Usiwachore wakiwa wamejitwisha vyungu kichwani machweo ya jua, nakuomba sana, hiyo imeshachorwa inatosha. Kaa karibu na mama mmoja, umnunulie chungu kwanza kisha uombe ruhusa, halafu angalia kiganja kinavyoingia ndani ya chungu kukagua ukuta, vidole vinagonga kusikiliza kama kuna ufa. Mkono ndani ya chungu, basi. Iache picha hapo.

Kuna mtu utakutana naye tu ukianza kusoma habari za wachoraji wa maua, Georgia O'Keeffe wa Marekani, 1887 mpaka 1986. Alichora ua moja mpaka likajaza kanvasi yote, halina chombo, halina bustani. Wahakiki wa New York, wengi wao wanaume, wakaanza kusema yale maua ni mwili wa mwanamke, na yeye akalikataa hilo maisha yake yote, akawa anasema hayo wameyaleta wao kwenye picha zake, yeye alitaka watu wenye haraka zao za mjini wasimame waone ua. Ua lake jeupe la mwaka 1932 liliuzwa mnadani mwaka 2014 kwa dola milioni 44.4, wakati huo hakuna picha iliyochorwa na mwanamke iliyowahi kufika bei hiyo. Nakutajia si kwa ajili ya hela, ila uone kwamba hata ukichora ua tupu watu watakusomea uanamke humo utake usitake. Kwahiyo huna sababu ya kuuandika kwa herufi kubwa. Kazi yako ni kuangalia ua.

Wa karibu yetu zaidi ni Rosemary Karuga wa Kenya, aliyefariki 2021. Alisoma sanaa Makerere miaka ya hamsini, akaja kuwa mwalimu wa shule, kazi ya nyumbani na kufundisha ikammeza miaka mingi, na aliporudi kwenye sanaa ukubwani hakuwa na hela ya rangi, akawa anakata karatasi za pakiti za unga na za sabuni anabandika. Wanawake wake wanapiga stori, wanalisha kuku, wako bize. Hawajali kama unawaangalia. Tafuta kazi zake kwenye intaneti uziangalie mikono na migongo.

Kuhusu mwili, jibu fupi ni hapana, si lazima. Jibu refu kidogo ni kwamba usiache kwa kuogopa wazee wa kanisa, acha kwa sababu picha yako haihitaji, na siku ikihitaji utajua mwenyewe na utabeba lawama zake ukiwa na akili timamu. Mi nina wanafunzi wa Kilutheri, wa Moravian, Wakatoliki na Waislamu, na zoezi la mwili wanalifanya wote kwa njia ambayo haimtoi mtu kanisani, mikono yako mwenyewe kwenye kioo kila wiki, nyayo, kisogo, bega la dada yako amejifunga kanga anafua. Mgongo wa mtu anayefua una mifupa yote unayohitaji kujifunza. Ukiweza kuchora kanga ilivyokaza kwenye kiuno cha mtu aliyeinama umeshachora mwili, tena na uzito wake.

Tukija kwenye shairi. Unauliza uache? Mi naona usiache, ila litoe pale kwenye kona. Shairi la kwenye kona ni maelezo, linamwambia mtazamaji ajisikie nini, na mtazamaji hapendi kuambiwa.

Na huna haja ya kwenda mbali kutafuta namna ya kuweka maneno kwenye picha, umeifunga kiunoni. Kanga ina pindo kuzunguka, ina mji katikati, ina jina kwa chini. Maua au korosho, kipande cha ushairi, na mwili wa mwanamke, vyote vitatu vya kwako viko humo na havigombani. Lakini angalia kitu kimoja ambacho wachoraji wengi wanakosea. Wanachora kanga imetandazwa ili jina lote lisomeke. Mtaani nani anaona jina lote? Kanga imefungwa, imekunjwa, imelaliwa na mtoto, unaona "...SINA HAJA NA..." na kinachofuata kimezunguka nyuma ya nyonga. Unabaki unataka mwenye kanga ageuke. Hiyo ndo nguvu. Kwahiyo tunga jina lako mwenyewe, fupi, usikopi la dukani, lichore kwenye kanga ya mwanamke anayefanya kazi yake, na uliache likatike na mkunjo. Mtu atasimama mbele ya picha yako anajaribu kumalizia. Lubaina Himid, mzaliwa wa Zanzibar wa mwaka 1954 aliyekulia Uingereza na akapata tuzo kubwa ya sanaa ya huko, Turner, mwaka 2017, amefanya kazi nyingi zinazofuata muundo wa kanga na maneno yake, zitafute pia, uone alivyo jasiri na rangi.

Njia ya pili ni ngumu zaidi lakini kwa mtu anayetunga kama wewe nadhani ndo yako, chukua umbo la shairi uache maneno. Shairi letu la kawaida unalijua, mistari minne, mizani 16 kwa mstari, 8 kwa 8, kina cha kati na kina cha mwisho, na mstari wa nne mara nyingi unageuza. Gawa kanvasi yako mikanda minne iliyolala, mmoja juu ya mwingine. Tuseme juu ukungu, kinachofuata kilima, kinachofuata chai, chini kabisa udongo na miguu. Katikati ya kila mkanda weka kitu cheusi kilichosimama, mkanda wa kwanza ni mti uliofifia, wa pili ni nguzo ya umeme, wa tatu mgongo wa mchumaji. Mwisho wa kila mkanda upande wa kulia weka kijidoa cha rangi ya chungwa, yaani jua, ua, kitambaa cha kichwa. Ukifika mkanda wa nne geuza, chungwa lije katikati na jeusi liende pembeni. Mtazamaji hatajua umefanya nini, hatahesabu, ila jicho lake litaenda kwa mwendo wa shairi na pale chini litajikwaa kidogo. Hata utenzi wa mizani nane nane unaweza kuuchora hivyo, picha nyembamba nyembamba mfululizo, zote zinaishia na rangi moja upande wa kulia. Mwana Kupona wa Pate, kisiwa cha pwani ya Kenya, alimtungia bintiye utenzi mwaka 1858, mama mgonjwa anamuusia mtoto wake wa kike, na karne na nusu baadae bado unasomwa. Sikwambii ukubaliane na yote aliyomuusia, mi mwenyewe mengine nabishana nayo, lakini fikiria kama bibi yako wa Rungwe au popote alipo angekuusia wewe angesema nini na angekuwa ameshika nini mkononi wakati anasema. Kamrekodi kwenye simu kabla ya kukimbilia brashi.

Sasa rangi kupasuka. Akriliki ni chembe ndogo za plastiki zinazoelea kwenye maji. Maji yakikauka zile chembe zinatakiwa kulainika na kushikana ziwe ngozi moja, na kwenye baridi zinakuwa ngumu hazishikani vizuri, chini ya nyuzi 10 hivi unapata mipasuko au unga unga. Mbeya Juni na Julai asubuhi inashuka huko kirahisi, Makete na Njombe ndo usiseme, kuna sakitu kabisa. Rangi za maji za ukutani nazo zina tabia hiyo hiyo. Kwahiyo miezi hiyo paka rangi kati ya saa nne na saa tisa, tabaka nyembamba, na usiku picha isilale kibarazani, iingize chumba unacholala. Usije ukafunga chumba ukawasha jiko la mkaa eti rangi ikauke, ile hewa inaua watu huku kwetu kila msimu wa baridi. Na punguza maji. Nimeona kwenye picha zako rangi imechuruzika, ukizidisha maji unazitenganisha zile chembe na baridi inamalizia.

Kanvasi usihangaike na za dukani. Nunua kitambaa cha marekani, kaza kwenye fremu ya mbao iliyokauka vizuri, paka gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa maji, ikikauka piga rangi nyeupe ya ukutani iliyo nzuri mara mbili, msasa laini katikati. Siyo jeso, ile rangi nyeupe ya msingi ya wachoraji, lakini kwa kujifunzia inatosha kabisa. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru huko huko kusini, alianza Dar mwaka 1968 na rangi za kupakia baiskeli juu ya vipande vya ubao, na leo dunia nzima inaita mtindo mzima kwa jina lake.

Na jaribu udongo. Wa huku Iringa ni mwekundu haswa, wa kwenu nao una kahawia nzuri. Ponda, koroga kwenye ndoo ya maji, subiri kidogo mchanga ushuke, mimina yale maji machafu kwenye chombo kingine, yaache yatulie mpaka asubuhi, mwaga maji ya juu, anika tope, saga (funga kitambaa puani), changanya na gundi. Rangi hiyo haipauki kwa jua kwa sababu wekundu wake ni kutu ya chuma, wakati juisi za maua na majani wanazofundishana mitandaoni zinafifia kabla hujapata mteja.

Kuhusu watu kusifia bila kununua, picha zako ni kubwa mno kwa sebule za watu unaowauzia. Tengeneza ndogo, saizi ya daftari kubwa, tano au sita zinazoendana, kichwa kinachosukwa, mkono kwenye chungu, kiazi cha orkidi. Ukiwa na kama kumi zenye nguvu tafuta namna ya kuzipeleka Nafasi Art Space, kituo cha wasanii pale Mikocheni Dar, wanaelewa kazi za namna hii. Nyuma ya kila picha andika jina, mwaka, mahali na aina ya rangi uliyotumia, mnunuzi makini anageuza nyuma kwanza. Na ile saini nyekundu kona ya chini ipunguze, kwenye picha ya bluu imekuwa kubwa kuliko uso wa huyo dada.